Safu ya Utabiri

Nilikuwa nimesahihisha madaftari tisa nilipofika kwenye daftari la Boke, na hadi hapo sikuwa nimeogopa chochote.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni. Nilikuwa Morotonga, karibu na Mugumu, kwenye semina ya siku nne ya walimu wa hisabati. Vipindi vya siku hiyo vilikuwa vimekwisha. Niliketi kwenye baraza ya nyumba ya wageni, nikaweka kikombe cha chai upande mmoja na rundo la madaftari ishirini na manne upande mwingine. Yalikuwa ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, katika shule ya kata upande wa Tarime, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Nyarero. Mada ilikuwa takwimu. Zoezi nilikuwa nimelibuni mwenyewe, na nilijivunia.

Nilikuwa nimelianza kwa jedwali la matumizi ya kijeshi ya mataifa. Nililichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Mwaka 2024 dunia nzima ilitumia dola trilioni mbili na bilioni mia saba hivi. Marekani peke yake, karibu trilioni moja. China, kwa makadirio, zaidi ya bilioni mia tatu. Safu iliyofuata ilikuwa ya asilimia ya pato la taifa. Wastani wa dunia, mbili na nusu. Nchi yetu haikufika mbili. Ukraini, iliyo vitani, thelathini na nne.

"Mwalimu, trilioni ina sifuri ngapi?" aliuliza Mogesi.

"Kumi na mbili."

"Hizo ni ng'ombe wangapi?"

"Piga hesabu. Ng'ombe mmoja ni kama dola mia tatu."

Walipiga hesabu. Walipata ng'ombe bilioni tisa. Niliwaambia kwamba dunia nzima haina ng'ombe hata bilioni mbili. Darasa lilinyamaza kabisa. Nilikuwa nimefundisha mwaka mmoja na miezi miwili, na sikuwa nimewahi kupata kimya kama kile.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Kostarika. Niliandika sifuri, nikaeleza kwamba nchi hiyo haina jeshi.

"Sasa nani analinda ng'ombe wao?" aliuliza Kezia.

Wenzake walicheka. Boke hakucheka. Alinyosha mkono.

"Mwalimu, na majirani zao wanajua?"

Niliipenda hoja ile. Niliisifu mbele ya wote. Kisha nikagawa fomu.

Fomu ilikuwa na mhuri wa shule. Iliuliza mambo matano kuhusu kaya moja: idadi ya wanaume wenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi, idadi ya ng'ombe, pato la mwaka, matumizi ya ulinzi, yaani kufuli, chakula cha mbwa, mchango wa sungusungu na kadhalika, na silaha za jadi zilizopo nyumbani. Ilipaswa kujazwa mara mbili, wiki ya kwanza na wiki ya tatu, ili wanafunzi waone mabadiliko, na majibu kunakiliwa daftarini. Chini kulikuwa na safu mbili za kufikirisha. Ya kwanza iliitwa Sababu ya Mabadiliko. Ya pili iliitwa Utabiri.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Chuoni tulifundishwa kwamba mtafiti hakusanyi takwimu nyumbani kwake, kwa sababu ataficha ya kwao. Shule yetu inapokea watoto wa vijiji viwili, Nyakwita upande huu wa mto na Rosambo upande wa pili. Ni watu wa koo mbili. Nilijua kwamba zamani walikuwa hawaelewani, lakini darasani walikaa dawati moja. Kwa hiyo niliwapanga wawiliwawili. Mtoto wa Nyakwita aende na fomu Rosambo, na wa Rosambo aende Nyakwita. Boke na Kezia walikuwa jozi ya kwanza.

Sasa, kwenye baraza ile ya Morotonga, nilifungua daftari la Boke.

Alikuwa amepewa nyumba ya akina Kezia. Baba yake Kezia aliitwa Machage, kiongozi wa sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, huko Rosambo. Boke alikuwa na mwandiko mzuri na mistari iliyonyooka. Wiki ya kwanza: mishale arobaini, matumizi ya ulinzi asilimia tatu ya pato. Wiki ya tatu: mishale mia moja arobaini, matumizi asilimia thelathini na sita.

Nilichukua kalamu nyekundu. Niliandika pembeni: "Hakiki. Umezidi Ukraini."

Nilitabasamu nilipokuwa naandika. Hilo silisahau.

Kisha nikasoma safu ya Sababu. Boke alikuwa ameandika: "Wameuza ndama jike. Wamenunua kwa mhunzi. Wanasema sisi tulikuja kuwahesabu."

Nilirudi kwenye daftari la tisa. Kwa mshangao wangu, huko pia asilimia ilikuwa imepanda kutoka mbili hadi ishirini na nane, na mimi nilikuwa nimeandika "Hakiki" tu nikapita. Nilifungua la nane. La saba. Niliyafungua yote, moja baada ya jingine, na chai ikapoa. Nyumba za Rosambo zilikuwa zimepanda. Nyumba za Nyakwita zilikuwa zimepanda. Watoto wa pande zote mbili waliandika sababu ileile kwa maneno yanayofanana: wao wameongeza, wao wametuhesabu, wao walimtuma mtoto wao na karatasi yenye mhuri.

Nilirudi kwa Boke na kusoma safu ya mwisho. Utabiri. Niliwafundisha kwamba utabiri hutoa namba moja na sentensi moja ya maelezo. Alikuwa amefuata maelekezo.

"Wiki ya nne: mishale 0. Itakuwa imetumika Jumamosi, siku ya josho la ng'ombe."

Nilisimama. Kikombe kilianguka na hakikuvunjika.

Mwalimu Rabson alikuwa anafua soksi bombani. Alikuwa mwenzangu wa semina, mzaliwa wa huku, amebakiza miaka miwili astaafu. Nilimpelekea daftari pamoja na fomu yake. Alijifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akasoma fomu kutoka juu hadi chini. Alisoma taratibu mno.

"Dada Honoratha," alisema, "hii fomu ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ndiye uliyeandika 'idadi ya wanaume'?"

"Ili kupata wastani kwa kila mtu."

"Na 'idadi ya ng'ombe'?"

"Ili kukadiria utajiri wa kaya."

"Na mtoto wa ng'ambo ndiye ulimpa aende kuuliza."

"Ili asifiche ya kwao."

Alivua miwani. Nilidhani atanifokea, lakini alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kwetu mtu akihesabu ng'ombe wako, ana safari nao. Akihesabu wanaume wako, anataka kujua safari itakuwa ngumu kiasi gani. Hakuna sababu ya tatu. Wewe umehesabu vyote viwili, ukaongeza na mishale. Dada, hata jasusi angeona aibu kuuliza hivyo."

"Nilitaka waelewe asilimia."

"Wameelewa," alisema Rabson.

Nilimpigia simu mkuu wa shule, Mwalimu Erasto. Aliguna, kisha akasema atamwarifu mtendaji wa kata. Baada ya dakika ishirini alinipigia tena. Mtendaji amewaarifu polisi, na gari litakuja Jumamosi. Lakini kila aliyeulizwa vijijini amekana. Hakuna mishale. Hakuna ugomvi. Kuna josho tu.

"Gari likija watatulia," alisema. "Likiondoka wataendelea. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na mmoja, Honoratha. Nani alikupa wazo hili?"

"Mimi mwenyewe, mkuu."

"Basi rudi mwenyewe."

Rabson aliniambia jambo moja zaidi kabla sijaondoka. Alisema polisi wataweza kukamata mishale, lakini hawataweza kukamata swali. Kila upande unauliza nani alianza kuhesabu, na kila upande una jibu. Mpaka wapate jibu jingine, ni kazi bure.

"Wakijua ni mimi watanifanya nini?"

"Sijui," alisema. "Lakini watakuwa wanakufanya wewe. Hawatakuwa wanafanyana wao."

Ijumaa saa nane mchana nilishuka kwenye pikipiki nyumbani kwa Machage. Alinipokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaagiza niletewe maziwa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi. Nyuma ya ghala niliona fito nyembamba zimepangwa juani, nyingi, zote za urefu mmoja. Sikuzihesabu. Nilijizuia, na kujizuia huko kulinitia hofu kuliko fito zenyewe.

"Mzee Machage, nimekuja kuhusu ile fomu."

"Nilitaka nije shuleni kukushukuru," alisema.

Sikuelewa.

"Kukushukuru, mwalimu. Fomu yako ndiyo iliyotufumbua macho. Tulikuwa tumelala. Tungeamka lini? Yule mtoto wa Nyakwita aliingia hapa na karatasi, akauliza wanaume, akauliza ng'ombe, akauliza mishale. Mchana kweupe! Nikajua hawa watu wamefika mbali."

"Karatasi ile ni yangu. Niliiandika mimi. Ni zoezi la darasani."

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la upole, la kumwonea mtu huruma.

"Wewe ni mgeni. Umetoka wapi, Bukoba?"

"Muleba."

"Huko mnalima ndizi. Ndizi haziibwi usiku zikatembea zenyewe hadi ng'ambo ya mto. Wamekutumia, binti yangu. Wamekuambia andika hivi, ukaandika."

"Hakuna aliyeniambia."

"Kunywa maziwa." Alisimama. "Na kesho usije josho. Kutakuwa na matope."

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Jumamosi nilikwenda. Mwalimu Erasto alikuja nami hadi barabarani, pale gari la polisi lilipokuwa limeegeshwa chini ya mti, likiwa na askari wawili. Walituambia kwamba hadi wakati huo walichokiona ni wafugaji tu. Walikuwa wakweli. Kwa mbali ilikuwa hivyo.

Nilishuka peke yangu. Josho liko bondeni, karibu na mto upande wa Rosambo, na ni la vijiji vyote viwili. Rosambo walisimama upande wa korido ya kuingilia. Nyakwita walisimama upande wa kutokea, mahali ng'ombe hujikung'uta dawa. Kila mwanaume alikuwa na mzigo wa majani makavu begani, kama wa kulishia ng'ombe. Na hapo mazoea ya kuhesabu yalinishinda. Ng'ombe walikuwa kama sitini. Wanaume hawakupungua mia mbili.

Kwa kawaida wasichana ndio huleta maji ya kuongeza kwenye josho. Kila Jumamosi huwa ishirini, thelathini, na kelele zao husikika hadi shuleni. Siku hiyo walikuwa wawili tu. Boke alikuwa upande mmoja na ndoo yake, na Kezia upande mwingine na yake. Sikuwaita. Wenzao walikuwa wamezuiwa nyumbani, na hawa wawili walikuwa wamekuja.

Nilisimama kwenye ukuta wa saruji wa josho, katikati. Nilikuwa na bahasha mbili. Nilizungumza haraka.

"Naitwa Honoratha. Nafundisha watoto wenu hisabati. Aliyewahesabu ni mimi."

Niligeukia upande mmoja, kisha wa pili.

"Watu wa Rosambo, Nyakwita hawakumtuma mtoto. Watu wa Nyakwita, Rosambo hawakumtuma mtoto. Mimi niliwatuma wote. Nilitaka wajifunze asilimia. Sikujua kwamba hapa mtu hahesabiwi. Nilipaswa kuuliza, na sikuuliza. Kama kuna wa kulipa, ni mimi."

Mtu mmoja upande wa Nyakwita akacheka. Alikuwa Waitara, mjomba wake Boke, mnene, mwenye kofia ya pama. Ndiye aliyemlea Boke.

"Jamani, tumeuza mbuzi wetu kwa sababu ya mtihani?"

Wachache walicheka naye. Upande wa pili Machage aliinua mkono.

"Ni maneno mazuri," alisema. "Wamemfundisha vizuri. Mwalimu, kwenye hizo bahasha mna nini?"

"Fomu."

"Za kwetu na za kwao?"

"Ndiyo."

"Basi tusomee za kwao."

"Ehe!" alidakia Waitara. "Anaogopa namba huyu. Mwalimu, anza na za kwake. Sisi tutavumilia."

"Wewe Waitara, hata kuku wako wanajua huwezi kulenga shina la mgomba."

"Nikilenga wewe nitakosaje? Ulivyo mrefu hivyo!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Pande zote mbili zilisogea hatua moja. Niliona jambo lililonitia baridi: walikuwa wameniamini, na imani hiyo haikusaidia kitu. Hawakuwa tena na haja ya kujua nani alianza. Walitaka kujua nani ana nyingi. Namba nilikuwa nazo mkononi, na upande ambao ungesikia kwamba umezidi ungeanza palepale.

Nilimpelekea Machage bahasha ya Rosambo, na Waitara nikampelekea ya Nyakwita. Kila mtu alipata namba zake mwenyewe.

"Kila mmoja amerudishiwa chake," nilisema. "Madaftari nimeyafungia. Hakuna anayejua za mwenzake."

Machage alipima bahasha mkononi bila kuifungua.

"Na vichwa vya watoto je?"

Alielekeza kidole kwa Boke.

"Mtoto aliyeandika anakumbuka," alisema. "Yule pale mwenye ndoo alikaa jikoni kwangu akaandika. Akaenda akamwambia mjomba wake. Tangu siku ile wanajua nina mishale arobaini. Utakirudisha kichwa chake kwenye bahasha?"

Hapo Kezia aliweka ndoo chini. Maji yalimwagika kidogo miguuni mwake.

"Baba, haikuwa arobaini."

"Nyamaza."

"Boke aliniuliza. Wewe ulikuwa umetoka, umeshakasirika. Mimi ndiye niliyemjibu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini bonde lilikuwa kimya. "Ilikuwa miwili. Nikaona haya. Nikasema arobaini."

"Kezia."

"Mmoja hauna chuma. Mama anauzibulia bomba la dawa ya kupe."

Arobaini. Nilikuwa nimeiona namba ile kwenye daftari, nikaikagua, nikaipa alama ya vema. Haikuwahi kuwa kweli.

Boke naye alikuwa ameweka ndoo chini.

"Na mimi niliona haya," alisema. "Kezia alipokuja kwetu nilimwambia mjomba ana sitini. Mjomba ana upinde. Kamba yake tunaanikia nguo."

"Sitini!" alisema mzee mmoja wa Rosambo, kwa sauti iliyovunjika. "Mimi niliuza mtamba kwa ajili ya hiyo sitini!"

"Na wiki ya tatu?" niliuliza. Nilijisikia nikiuliza kwa sauti ya darasani, na sikuweza kuizuia. "Wiki ya tatu mlidanganya pia?"

"Hapana, Mwalimu," alisema Boke. "Wiki ya tatu ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imeletwa kwenye magunia. Tulihesabu mmoja mmoja."

Niliwatazama wale wanaume mia mbili. Niliwaza kuhusu jozi nyingine kumi na moja, watoto wengine ishirini na wawili, kila mmoja akiulizwa jikoni kwao na mtoto wa ng'ambo, kila mmoja akiona haya. Sikuhitaji kuwauliza. Wanaume wenyewe walikuwa wameanza kugeuka na kutazamana. Kila mtu alikuwa anakumbuka alichokuwa nacho mwezi uliopita.

Ndama mmoja alichoka kusubiri. Alinyosha shingo, akavuta majani kwenye mzigo wa kijana wa Rosambo. Kamba ililegea. Ncha nne za chuma zilitokeza, mpya, zinang'aa. Kila mtu aliziona, upande huu na upande ule. Kijana alizisukuma ndani kwa kiganja.

"Machage," aliita Waitara. Hakuwa anacheka tena. "Ni kweli, miwili?"

Machage alisimama wima katika shati lake lililopigwa pasi. Nyuma yake walikuwa wanaume mia moja waliouza mbuzi na mitamba kwa kumfuata. Akisema hapana, binti yake ni mwongo mbele ya watu, arobaini inabaki kuwa kweli, na siku inaendelea kama ilivyopangwa. Akisema ndiyo, alikuwa mlinzi wa kijiji mwenye mishale miwili, na watu wa ng'ambo wamesikia. Nilimwona anamtazama Kezia. Kezia hakutazama chini.

Aliona haya. Niliiona ile haya ikipanda usoni mwake, ileile iliyomfanya binti yake aseme arobaini.

"Mmoja na nusu," alisema Machage.

Mto ulisikika. Kisha Waitara alivua kofia yake, akajifuta jasho la kichwa kwa mkono.

"Mimi nimekuwa naanika suruali kwenye upinde wa babu," alisema. "Vijana, mwambieni mhunzi asijenge ghorofa kwa pesa zetu bado." Akageukia ng'ombe wake. "Hawa wana kupe. Nani anaingiza kwanza?"

Machage alijisogeza hatua moja kutoka kwenye korido.

"Nyakwita watangulie," alisema. "Wametoka mbali."

Hawakuwa wametoka mbali. Ilikuwa ni kuvuka mto tu.

Ng'ombe waliingia. Dawa iliruka juu. Boke na Kezia walichukua ndoo zao wakaenda mtoni, na baada ya muda wasichana wengine wakaanza kushuka kutoka vijijini, mmoja, wawili, watano. Saa saba gari la polisi liliondoka. Nilisubiri. Niliogopa maneno ya Mwalimu Erasto, kwamba likiondoka wataendelea. Hawakuendelea. Kila upande uliswaga ng'ombe wake kurudi nyumbani. Lakini jambo moja nililiona, na nimeshindwa kulisahau. Ng'ombe wale walikuwa na njaa tangu asubuhi, na hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mzigo wake wa majani awalishe. Wanaume waliibeba mizigo ile walivyoileta, ikiwa imefungwa.

Adhabu yangu ilikuja Jumatatu, na ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Wazee wa vijiji vyote viwili walimwambia mkuu wa shule kwamba mwalimu wa hisabati ahesabiwe. Walinitumia wazee watatu wenye kalamu. Waliingia nyumbani kwangu wakahesabu vyote: sufuria tatu, kitanda kimoja, magauni tisa, kuku wawili, mwanaume hakuna. Walirudia hilo la mwisho mara mbili, wakaandika. Kisha wakaenda kuyasoma kwenye mkutano, Rosambo na Nyakwita. Nilisimama nikasikiliza. Nilidhani nitacheka. Walipofika kwenye magauni nilitaka kuinua mkono niseme ni kumi na mawili.

Siku hiyohiyo nilirudisha madaftari. Niliwaambia darasani kwamba zoezi limefutwa na halitakuwa na alama. Jedwali la mataifa lilikuwa bado ubaoni, kwenye kona ya juu, kwa rangi mbili. Sikuwa nimelifuta. Niliipitia safu ile ndefu kuanzia Marekani hadi Kostarika, zile trilioni na bilioni, na kwa mara ya kwanza nilitafuta mahali palipoandikwa nani aliulizwa, na nani alijibu. Sikuwa nimeiweka safu hiyo.

Wanafunzi walipotoka, Boke alibaki. Alikuja mezani na daftari lake limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Mwalimu, hata kama halina alama, nataka kusahihisha. Utabiri wangu haukuwa sahihi. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Alichukua rula. Alikata sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka, kama nilivyowafundisha. Chini yake aliandika kwa mwandiko wake mzuri, nami nikiwa nimesimama begani kwake.

"Wiki ya nne: 140. Haijatumika."